Saratani kali ya thairoidi: mionzi baada ya upasuaji

Wengi wakisikia mionzi na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hufikiria ayodini yenye mionzi, ile inayomezwa. Dawa hiyo huwafaa wenye saratani za kawaida za tezi hii, kwa kuwa seli zao bado hufyonza ayodini. Seli za aina ya anaplastiki, iliyo kali kuliko zote, zimepoteza uwezo huo: ayodini hupita mwilini na kutoka bila kuzigusa. Mgonjwa wa aina hii huhitaji mionzi ya mashine, inayolengwa shingoni kutoka nje. Mionzi hiyo haibaki mwilini, hivyo anaweza kumpakata mtoto wake siku hiyohiyo.

Upasuaji peke yake hautoshi. Uvimbe huu hukua kwa wiki, si kwa miaka, na hujipenyeza kwenye bomba la hewa, umio (njia ya chakula) na neva za sauti, mahali ambapo kisu hakiwezi kukata kila kitu. Kwa hiyo mionzi huanza mara kidonda kinapofunga vizuri, mara nyingi wiki 2 hadi 3 baada ya upasuaji.

Meno hukaguliwa kwanza. Jino bovu ling'olewe kabla, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Kisha hutengenezwa barakoa: plastiki iliyolainishwa kwa maji moto hutandazwa usoni hadi mabegani na kukauka ikifuata umbo la mgonjwa. Asiyeweza kupumua vizuri akilala chali aseme mapema. Kwa kumzuia mgonjwa asitikisike, barakoa hiyo ndiyo inayoulinda uti wa mgongo, uliopo sentimita chache tu nyuma ya eneo linalotibiwa. Shingo hupewa jumla ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hadi 66, grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ilhali uti huo haupaswi kuvuka grei 45 hadi 50. Mgonjwa akikonda, barakoa hulegea na shabaha huyumba. Hapo mpango hupimwa upya.

Na kukonda ndiko tatizo kubwa la tiba hii. Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 koo huchubuka na kumeza huuma. Dawa ya maumivu inywewe nusu saa kabla ya chakula, chakula kiwe laini na chenye mafuta na protini ya kutosha, na mgonjwa apimwe uzito kila wiki. Mrija wa kulishia uwekwe mapema, kabla mwili haujaisha nguvu. Hata anayelishwa kwa mrija aendelee kumeza maji kidogokidogo, maana misuli ya koo isiyotumika husahau kazi yake.

Siku za tiba zisirukwe kwa sababu ya uchovu. Seli zilizosalia huzaliana katika pengo hilo. Siku ikikosekana, timu inaweza kuifidia kwa vipindi viwili katika siku moja, vikipishana kwa angalau saa 6.

Pumzi ikianza kutoa mlio, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa kuwa njia ya hewa inaziba. Ganzi na mchonyoto kuzunguka midomo au vidoleni ni dalili ya upungufu wa kalsiamu baada ya upasuaji, na nayo haisubiri kliniki ijayo.

Familia ijue pia kwamba koo huendelea kuuma, pengine kuzidi, kwa wiki 1 hadi 2 baada ya kipindi cha mwisho. Dawa za maumivu na mrija visiondolewe siku mashine inapozimwa.