Kodi inayopanda na kipato: kinachowafanya watu waikubali au waikatae

Kodi inayopanda ni ile ambayo asilimia yake huongezeka kadiri kipato kinavyoongezeka. Si suala la mwenye nacho kulipa shilingi nyingi tu, maana hilo lingetokea hata kama sote tungekatwa asilimia kumi. Mfano ulio karibu nasi ni PAYE, kodi ya mapato ya waajiriwa, inayokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, huikusanya Unguja na Pemba kama inavyoikusanya Bara. ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ina kodi zake nyengine, ikiwemo VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani.

Tuchukue jedwali la Tanzania Bara lililoanza Julai 2021. Shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi hazikatwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8. Hadi 760,000, asilimia 20. Hadi milioni moja, asilimia 25. Na zaidi ya hapo, asilimia 30. Tukiweka kando michango ya hifadhi ya jamii, anayelipwa 400,000 hukatwa 10,400, hazifiki asilimia 3 ya mshahara wake. Wa milioni mbili hukatwa 428,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 21.

Hapa ndipo chuki nyingi zinapoanzia, na zinaanzia kwenye hesabu. Wengi huamini kwamba ukivuka mstari, mshahara wote unaingia kwenye kiwango kipya, kwa hiyo nyongeza inaweza kukurudisha nyuma. Sivyo. Aliyetoka milioni moja akafika 1,100,000 hukatwa asilimia 30 ya ile laki moja tu. 70,000 zinabaki zake. Mtu asiyeelezwa hili ataiona kodi kama adhabu ya kupanda cheo, na simlaumu.

Jengine ni namna mtu anavyojiweka. Utafiti uliofanywa Buenos Aires, Argentina, na kuchapishwa 2013 ulikuta watu wengi hawajui wamesimama wapi kati ya matajiri na maskini. Waliodhani wako juu kuliko walivyo, walipoambiwa ukweli, walizidi kutaka serikali iwasaidie maskini.

Lakini kwa hapa petu Zanzibar, naona mzizi uko kwingine. Fikra kwamba mwenye nacho atoe ni ya zamani kwetu. Zaka ya fedha haipandi ngazi kama PAYE, ni asilimia 2.5 kwa kila aliyefikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, lakini asiyefikia haguswi. Zaka ya mazao inakwenda mbali zaidi: shamba lililonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, lililomwagiliwa kwa gharama na taabu hutolewa nusu yake. Jasho linahesabiwa. Nadhani ndiyo sababu mtu anayeunga mkono kwa moyo mmoja hoteli kubwa za Nungwi na Paje zitozwe zaidi, hukunja uso akisikia mwalimu wa skuli aliyeongezwa mshahara naye kaongezewa makato. Kwingineko pia imeonekana: wanaoamini utajiri hutokana na bahati au kujuana huitaka kodi inayopanda kuliko wanaoamini unatokana na juhudi.

Pia watu hutazama nani anakwepa. Mshahara wa mwalimu hauna pa kujificha. Mwenye nyumba za kupangisha anayepokea pango lake taslimu ana njia nyingi, na mwekezaji anaweza kupewa msamaha wa kodi kisheria. Ngazi ikipandwa na waajiriwa peke yao, wataichukia hata kama viwango vyake ni vya haki.

Pemba ina kumbukumbu yake pia. Kwa miaka mingi karafuu ziliuzwa kwa shirika la serikali peke yake, ZSTC, kwa bei iliyokuwa chini sana ya ile ya soko la dunia. Haikuitwa kodi, lakini mkulima aliihisi mfukoni, na magendo ya kwenda Kenya yalikuwa jawabu lake. Tangu 2011 serikali imekuwa ikimpa mkulima kiasi cha asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Hata hivyo, mzee aliyeona karafuu zake zikinunuliwa kwa bei ya kutupa haamini haraka akiambiwa kwamba safari hii atakayebanwa ni tajiri.

Imani hiyo hujengwa na kinachoonekana. Elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar mwaka 1964, watu walipata kipimo cha kudai: skuli, hospitali, maji. Kodi isiyofika huko huonekana imeliwa.

Na tusimsahau mvuvi wa Kojani, Pemba, ambaye PAYE haimhusu. Akinunua mabati, saruji au vocha ya simu, VAT imo ndani ya bei, kwa kiwango kile kile anacholipa tajiri, na kwa kuwa yeye hutumia karibu chote anachopata, sehemu ya kipato chake inayokwenda kwenye kodi hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi. Akiulizwa kama wenye nacho waongezewe kodi ya mapato, aonyeshwe kwanza kwamba na yeye tayari ni mlipaji.