Mawimbi ya boti: yanatokana na nini, na ni dhima ya nani

Boti inapokwenda, omo (sehemu ya mbele) husukuma maji pembeni na tezi (sehemu ya nyuma) huacha bonde ambalo maji hukimbilia kulijaza. Msukosuko huo husambaa nyuma kwa umbo la mabawa mawili, na ndiyo mawimbi ya boti. Hayafi haraka. Penye kina kirefu, umbali ukiongezeka maradufu, kimo chake hupungua kwa takriban moja ya tano tu. Yakifika kina kifupi karibu na mwalo, yaani ufuko ambako vyombo hutia nanga, huinuka tena. Wimbi lenye kimo maradufu lina nguvu mara nne, kwa hiyo kila sentimita inayopunguzwa ina maana kwa mtumbwi uliosheheni, ambao ukingo wake uko juu ya maji kwa kiganja kimoja.

Manahodha wengi huamini kwamba kupunguza mwendo hadi nusu kunatosha. Hapana. Mwendo wa kati ndio mbaya kuliko yote: omo imeinuka, tezi imezama, injini inachimba maji. Kukadiria mwendo wa kutoufikia, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwa mita, uzidishe kwa 4.5. Boti ya mita 9 hupata kilomita 13.5 kwa saa. Ukiukaribia, mawimbi hukua ghafla. Penye msongamano, shuka chini kabisa ya hapo, mpaka omo ilale sawa na usukani ubaki ukitii. Anza kupunguza mapema na polepole, maana ukikata mafuta ghafla, wimbi lako mwenyewe hukufuata na kuingia kwa nyuma.

Kuhusu dhima, msimamo wetu ni mmoja: aliyezalisha wimbi ndiye mwenye kulijibia, hata kama hakumgusa mtu. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano zilitungwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo, lakini Kanuni ya 6 inafaa vilevile Ziwa Victoria: mwendo salama hupimwa pia kwa wingi wa vyombo, na wavuvi wametajwa waziwazi. Basi geuka utazame nyuma. Usitazame mbele tu.

Anayelipokea wimbi naye ana kazi. Asiliache limpige ubavuni. Aelekeze omo kwa mshazari, nyuzi 30 hadi 45, apunguze mwendo bila kupoteza usukani, na abiria wakae chini katikati wakiwa wamevaa jaketi za kujiokolea. Kopo la kukumbia maji liwe mkononi, si chini ya mizigo.

Usiku wa kuvua dagaa kwa taa unahitaji uangalifu zaidi. Taa zinazoelea hazionyeshi kamba, nyavu wala watu waliosimama wakivuta. Zungukeni kundi zima kwa mbali. Mkilazimika kupita karibu, mwendo uwe umeshashuka kabla ya taa ya kwanza.