Mary Poppins wa kitabuni sio yule wa kwenye filamu

Wengi tunaamini Mary Poppins, yule yaya wa London mwenye mwavuli wa kichwa cha kasuku, ni mpole anaimba na kubembeleza watoto. Huyo ni wa filamu ya 1964. Kwenye kitabu cha 1934 ni mkali, anajipenda sana, akipita kwenye vioo vya maduka lazima ajitazame, na watoto nao mwanzoni wako wanne, wawili mapacha. Ukitaka kuhakikisha soma sura ya 3, Mary na watoto wanakunywa chai huku wanaelea hewani alafu wakiwa njiani kurudi watoto wanamuuliza kuhusu hilo, yeye anakana kabisa tena anachukia, na mimi hapo ndo nampenda zaidi. Soma kwanza, filamu uangalie baadae.