Kabla ya kulipia mfumo wa tovuti, mwacheni afisa habari aujaribu

Katika kazi yangu ya kushauri taasisi za Arusha na Moshi kuhusu TEHAMA, swali moja huniijia likiwa limeshachelewa: "Tumelipa pesa nyingi, mbona tovuti imelala?"

Taasisi moja ya Moshi ilinunua mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti, yaani programu ya kuandika na kupanga kurasa zake, leseni ikilipwa kila mwaka kwa dola. Siku ya maonyesho, mtaalamu wa muuzaji aliuendesha mwenyewe, kurasa zikafunguka vizuri, wakubwa wakaridhika. Nilipoitwa, tangazo jipya kuliko yote lilikuwa la muhula uliopita. Afisa habari alinionyesha shida yake. Ili kuweka tangazo la aya mbili alipita hatua chungu nzima, na akibandika maandishi kutoka Word, mpangilio unavurugika. Akawa anampelekea muuzaji matangazo ayaweke, naye anatoza kila badiliko. Mwishowe matangazo yote yakahamia WhatsApp. Sikumlaumu hata kidogo.

Kosa lilianzia kwenye hadidu za rejea, yaani waraka wa kueleza mfumo unaotakiwa. Zilitaja lugha nyingi, takwimu za wasomaji na mambo mengine ya kuvutia, lakini hazikuuliza nani ataandika tangazo Jumatatu asubuhi, na litamchukua dakika ngapi. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, dai muda wa majaribio. Afisa habari wenu apakie picha kutoka kwenye simu yake, abadilishe ada, arekebishe kosa, tena kwa intaneti hiyohiyo ya ofisini. Mtu wa muuzaji asiguse kipanya. Akishindwa baada ya kufundishwa, msinunue.

Jambo zito zaidi ni namna ya kuondoka. Mkataba useme kwamba maandishi na picha zote ni mali yenu, na mtakabidhiwa katika muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma. Bila hilo, mtalipia mfumo msioutaka kwa kuogopa kupoteza kumbukumbu zenu.

Hapa ndipo programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, zina nguvu. Joomla, programu ya tovuti ambayo jina lake limetokana na neno letu "jumla", ilizaliwa mwaka 2005 pale watengenezaji wa mfumo wa Mambo walipotofautiana na waliokuwa wakiusimamia. Waliondoka na msimbo wao, kwa sababu leseni iliruhusu. WordPress, iliyoanza 2003, na Drupal ya 2001 nazo hazidai ada ya leseni. Ila msidanganyike kwamba hazina gharama: kuna seva, nakala rudufu na masasisho ya usalama, na programu-jalizi (nyongeza inayopachikwa kwenye mfumo) iliyotelekezwa huwafungulia wadukuzi mlango. Pesa ya leseni ni bora imlipe fundi wa hapahapa anayefika mkimwita.

Na kama mmeshafungwa na mkataba, wiki hii muulizeni msajili wa kikoa chenu cha .tz (anwani ya tovuti yenu) jina la nani limeandikwa kama mmiliki. Likiwa la muuzaji, dai libadilishwe sasa, kabla hamjamwambia kwamba mnaondoka.