Kifuu ni taka, lakini mkaa wake una gharama

Mtu akisikia kwamba mkaa wa kuchujia maji umetengenezwa kwa vifuu vya nazi, papo hapo huuita rafiki wa mazingira. Mimi ninayefanya kazi hii maabara huuliza kwanza: ulichomwa kwa moto gani, na maji ya kuuoshea yalimwagwa wapi?

Mkaa wa jikoni hauchuji vizuri kwa sababu vinyweleo vyake ni vichache, na vingi vimezibwa na lami. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliofunguliwa vinyweleo vyake, ni kitu kingine. Gramu moja, isiyojaza hata kijiko cha chai, huweza kuwa na uso wa ndani wa mita za mraba 1,000, yaani karibu robo ekari. Kifuu hufaa kwa kuwa ni kigumu na vinyweleo vyake huwa finyu mno, vingi chini ya nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Migodi ya dhahabu huupenda mkaa wake kwa ugumu huohuo: huzungushwa ndani ya tope la mawe bila kusagika na kupotea na dhahabu uliyoinasa.

Kwanza vifuu huchomwa bila hewa, nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Kisha vinyweleo hufunguliwa, na hapo ndipo penye mjadala wote. Watafiti wengi hupenda haidroksidi ya potasiamu, alkali kali, mara nyingi kwa uzito mara tatu au nne ya mkaa wenyewe. Uso hupanda hata kupita mita za mraba 2,500 kwa gramu, namba inayopendeza sana kwenye grafu. Lakini kemikali hiyo hula chuma cha tanuri, na mkaa lazima uoshwe, uoshwe tena, mpaka karatasi ya kupimia asidi itulie. Ndoo kwa ndoo za maji makali! Asiyesema aliyapeleka wapi hajanishawishi kwamba njia yake ni endelevu.

Ndiyo maana nashikilia mvuke. Kwenye nyuzi 800 hadi 950, mvuke hula sehemu ya kaboni na kuacha vitundu, huku ukitoa hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Gesi hizo huwaka, na moshi wa hatua ya kwanza huwaka pia. Virudishwe kwenye tanuri vipashe moto; kuviachia hewani ni kupoteza nishati na kuwavutisha majirani sumu. Hasara ipo: karibu nusu ya mkaa huweza kuliwa.

Kwa mabaki mabichi kama maganda ya kahawa kuna njia aliyoieleza mkemia Mjerumani Friedrich Bergius mwaka 1913: kuyapika ndani ya maji yenye shinikizo, nyuzi 180 hadi 250, bila kuyakausha. Vinyweleo bado huwa haba, kwa hiyo kuamilisha kunabaki palepale.

Tena, uso mkubwa hautibu kila maji. Floridi ya visima vya Arusha, ile chumvi inayoharibu meno ikizidi, hainaswi vizuri na mkaa wa vifuu, hata uwe bora namna gani. Mkaa wa mifupa huifanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu ya fosfati ya kalisi iliyomo.

Kipimo changu cha kwanza ni rahisi. Natia punje kwenye maji, nasikiliza hewa ikitoka kwa mchirizo wa viputo. Halafu natia nyingine kwenye myeyuko wa kahawia wa iodini, natikisa, naangalia rangi ikififia kadiri vinyweleo vinavyoinasa iodini. Mkaa uliochoka nao hautupwi: hurudishwa kwenye tanuri la mvuke, ukapungua kidogo, ukafanya kazi tena.