Hazikuungua zote: kuwatafuta Wayahudi wa Amsterdam katika nyaraka za jiji

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya tatu mwezi huu. Mama mmoja alikuja kutafuta habari za ukoo wa baba yake, na kabla hajaketi akaniambia: “Lakini nasikia kila kitu kiliungua.” Mjomba wake ndiye aliyemwambia hivyo zamani, naye akaamini, akaacha kutafuta. Nikamwomba anwani moja tu. Haikupita saa tukawa na kadi ya nyumba ile, majina ya watu sita waliolala chini ya paa moja, na siku kila mmoja alipofutwa kwenye orodha ya wakazi. Kadi ilikuwapo miaka yote hiyo, na mjomba alishafariki bila kuiona.

Dhana: “Nyaraka za wakati wa vita ziliteketea”

Chimbuko lake ni tukio la kweli. Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Januari 1941 wakaamuru kila mwenye hata babu au bibi mmoja Myahudi ajiandikishe. Zaidi ya watu 140,000 wakahesabiwa kuwa Wayahudi, na karibu 80,000 kati yao walikuwa wakazi wa Amsterdam. Makarani Waholanzi walioifanya kazi hiyo waliifanya kwa bidii ya kutisha.

Usiku wa 27 Machi 1943, kikundi cha wapinzani, wakiwamo wasanii Willem Arondeus na Gerrit van der Veen, kilivaa sare za polisi kikaingia ofisi ya usajili wa wakazi mtaa wa Plantage Kerklaan. Wakawadunga walinzi dawa ya usingizi, wakawabeba hadi kwenye bustani ya wanyama ya Artis iliyo jirani, kisha wakalipua jengo. Zimamoto hawakuharakisha, na walipofika wakamwaga maji mengi makusudi ili kadi zilizopona moto zilowe. Watu 12 walipigwa risasi kwa tendo hilo tarehe 1 Julai. Nawaheshimu sana watu wale. Hata hivyo, kadi zilizoharibika zilikuwa kama asilimia 15 tu.

Halafu kulikuwa na nakala. Taarifa za kila kitambulisho zilihifadhiwa pia The Hague, katika jumba la Kleykamp. Ndege za Uingereza zililipiga jumba hilo tarehe 11 Aprili 1944, na hapo pia sehemu iliungua, sehemu ikapona. Utawala ule uliandika kila jambo mara mbili au tatu: kwa manispaa, kwa polisi, kwa Baraza la Wayahudi lililolazimishwa kuweka kadi za watu wake, na kwa benki ya LIRO iliyotumika kuwapora fedha na mali. Mwaka 1997 kadi za benki hiyo zilikutwa zimesahaulika darini, katika nyumba moja jijini Amsterdam. Ukichoma kabati moja, matatu yanabaki.

Nadhani najua kwa nini neno hili halifi. Walionusurika wengi hawakutaka kuulizwa, na “ziliungua” lilikuwa neno la kufunga mazungumzo. Hilo nalielewa kabisa. Nisilolielewa ni mtafiti wa leo, mwenye shahada, kulikariri bila kukanyaga chumba cha kusomea.

Kwa hiyo kila anayenijia namwambia: anza na anwani, jina litafuata. Jina la Kiyahudi utalikuta limeandikwa kwa namna nne, na kabla ya amri ya Napoleon ya mwaka 1811 wengi walitumia jina la baba tu. Nyumba haibadiliki hivyo. Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji la Amsterdam, katika jengo la De Bazel, ina kadi za nyumba zinazoonyesha nani alihamia, nani alitoka, na nani aliingia baada yake. Angalia tu majina ya mitaa. Sarphatistraat, mtaa uliopewa jina la daktari Myahudi Samuel Sarphati, uligeuzwa Muiderschans mwaka 1942, ukarudishiwa jina lake baada ya vita. Nyumba nyingi za mtaa wa Wayahudi zilibomolewa kwa ajili ya kuni katika majira ya njaa ya 1944 na 1945, kwa hiyo usikate tamaa ukifika ukakuta barabara pana mahali nyumba ilipokuwa. Kadi yake bado ipo.

Makaratasi yanayodharauliwa ndiyo yenye siri. Mwanafunzi aliyekuwa akisaidia kazi ya kidijitali katika nyaraka za jiji alikuta barua za Wayahudi waliorudi kutoka kambini. Manispaa ilikuwa ikiwadai kodi ya pango la ardhi kwa miaka waliyokuwa wamefungwa au kujificha, pamoja na faini ya kuchelewa kulipa. Nyumba zao zilikuwa zimekaliwa na watu wengine, lakini waliorudi ndio waliotakiwa kulipa! Habari ilitoka magazetini mwaka 2013, na mwaka 2016 jiji likaamua kutoa euro milioni 10 kwa jamii ya Wayahudi. Aibu hiyo haikufichuliwa na jalada la siri la kijeshi. Ilikuwa katika mafaili ya kodi, ambayo kwa miaka 60 na zaidi hakuna aliyeona sababu ya kuyafungua.

Dhana: “Kama hayumo kwenye intaneti, hakuna habari zake”

Tovuti ya Joods Monument inaorodhesha waliouawa. Aliyenusurika humkuti humo kama mwathirika, na watu hudhani basi hakuwa Myahudi. Kadi za Baraza la Wayahudi zinaonekana mtandaoni kupitia hifadhi ya Arolsen ya Ujerumani, lakini mafaili mengi ya manispaa hayajapigwa picha. Agiza jalada, panda treni, uende.

Dhana: “Tarehe ya cheti ndiyo siku aliyokufa”

Si lazima. Baada ya vita, sheria ya mwaka 1949 iliruhusu vyeti vya vifo vya waliopotea, na tarehe nyingi ni makadirio. Ukiona “31 Machi 1944, Ulaya ya Kati”, ujue hiyo ni tarehe waliyopangiwa wengi kwa pamoja. Za Sobibor, kambi ya mauaji nchini Poland, ni tofauti: treni iliondoka Westerbork, kambi ya kupitishia wafungwa nchini Uholanzi, ikafika siku tatu baadaye, na karibu wote waliuawa siku hiyohiyo. Hata herufi VOW kwenye kadi, yaani “ameondoka, hajulikani alikokwenda”, usizisome kama habari njema. Waliandikiwa waliojificha, na waliosafirishwa pia.

Dhana: “Aliyetajwa kwenye majalada ya usaliti alikuwa msaliti”

Januari 2025 yaliwekwa wazi mtandaoni majina kama 425,000 ya walioshukiwa kushirikiana na Wajerumani. Simu yangu haikupumzika. Jina kuwamo humo maana yake mtu alichunguzwa; waliofikishwa mbele ya hakimu ni kama mmoja kati ya watano. Majalada yenyewe husomwa The Hague, katika Hifadhi ya Taifa, kwa miadi.

Na hapa ndipo familia za waathirika hukosea zaidi: hudhani majalada hayo hayawahusu. Mwaka 1943 kundi la Henneicke, Waholanzi waliowasaka Wayahudi waliojificha, lililipwa gilda 7.50 kwa kila Myahudi liliyemkamata, na baada ya vita watu wake walihojiwa nyumba kwa nyumba, jina kwa jina. Majirani walitoa ushahidi, na wachache waliorudi nao pia. Mara nyingi maneno ya mwisho kuhusu babu yako, alivyovaa, alichosema mlangoni, yamo katika jalada la mtu aliyekuja kumchukua. Ili ulipate unahitaji jina la mkamataji. Hilo huenda likawamo katika taarifa za polisi wa Amsterdam za 1940 hadi 1945, zinazokaa De Bazel. Taarifa hizo zinafuata tarehe, na tarehe utaipata kwenye kadi ya nyumba.