Bastola nene na dubu wa Alaska
Wanaokwenda kutembea porini Alaska hupewa ushauri uleule: beba bastola ya risasi nene, .44 Magnum au zaidi, na dubu hatakuweza. Sivyo. Bastola hiyo ina teke kali: ikifyatuliwa huurusha mkono nyuma. Asiyeizoea akikosa risasi ya kwanza, ya pili huenda hewani, na dubu hukimbia hata kilomita 50 kwa saa. Utafiti wa 2012 uliopitia visa 269 vya Alaska vya watu wenye bunduki waliokabiliana na dubu haukuona tofauti ya majeraha kati ya walioifyatua na wasioifyatua. Kopo la pilipili ya kupuliza, ambalo wengi hulicheka (nami nililicheka), lilifaulu kwa asilimia 92 dhidi ya dubu wa kahawia katika utafiti wa 2008. Ukiing'ang'ania bastola, chagua unayoimudu kulenga haraka, na uivae kifuani, si ndani ya begi.